Maswali ya Wasomaji: Viazi Mviringo, Kutoka Mbegu Hadi Uchaga

Barua nyingi safari hii zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinauliza habari za viazi mviringo vya bustani ya nyumbani. Kabla ya kujibu tuelewane jambo moja: kiazi mviringo si mzizi. Kiazi kitamu ndicho mzizi. Mviringo ni shina lililonenepa chini ya udongo, na yale macho yake ni vifundo vya shina, kila kimoja kikiwa na uwezo wa kutoa tawi. Ndiyo maana kikipigwa na mwanga hugeuka kijani, na kikikaa sana jikoni huota bila kuombwa. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo.

Nilinunua viazi sokoni, nikavikata vipande viwiliviwili na kuvipanda siku hiyohiyo. Hii ni wiki ya tano, vimeota 4 tu kati ya 30. Kosa ni la udongo? (Msomaji, Tengeru)

Udongo wa Tengeru usiusingizie. Fukua vipande vitatu uvitazame. Ukikuta kigumu, kizima, macho yamefumba, hicho kimelala. Ukikuta kimekuwa uji unaonuka, hicho kimeoza kupitia jeraha la kisu. Kwa ulivyofanya, tunadhani utavikuta vya aina zote mbili.

Kiazi kikishachimbwa huingia usingizini, aina nyingi kwa miezi 2 hadi 3, na katika muda huo maji na mbolea havikiamshi. Muuzaji wa sokoni anataka kiazi kigumu kisicho na chipukizi hata moja, maana ndicho kinachonunuliwa. Wewe mpandaji unataka kinyume chake. Halafu kuna hatari kubwa kuliko usingizi: kiazi cha sokoni hujui kimetoka shamba gani, na kinaweza kubeba virusi na bakteria wa mnyauko huku ngozi yake inang'aa. Ugonjwa huo ukishaingia bustanini hautoki mwaka huo wala unaofuata.

Tafuta viazi mbegu vilivyothibitishwa, vyenye lebo ya TOSCI, taasisi ya taifa ya kuthibitisha mbegu, kwenye gunia. Majina utakayokutana nayo ni kama Asante, Sherekea, Meru na Mkanano. Kwa bustani yenye mvua na ukungu mwingi tungechagua Sherekea, kwa sababu inavumilia ukungu wa majani kuliko nyingine nyingi. Gunia zima likiwa kubwa kwako, nunueni majirani watatu mgawane. Kwa eneo la mita 10 za mraba, ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya shimo na shimo, unahitaji mbegu 44 hivi. Mbegu nzuri ina ukubwa wa yai la kuku, gramu 40 hadi 60, kwa hiyo kilo 2 na nusu zinatosha.

Wiki 3 au 4 kabla ya kupanda, zitandaze mbegu kwenye trei au kreti, tabaka moja tu, mahali penye mwanga lakini jua haliziangukii: barazani, chini ya mti, au karibu na dirisha. Macho mengi yaelekee juu. Chipukizi linalotakiwa ni fupi na nene, sentimita 1 hadi 2, rangi ya zambarau au kijani. Yale marefu meupe ya gizani huvunjika mkononi kabla hayajafika shimoni. Kiazi kikitoa chipukizi moja tu kileleni, livunje. Hilo la kileleni huyazuia mengine, likiondoka macho ya ubavuni yanaamka na unapata mashina 3 au 4 badala ya moja.

Kukata mbegu hatukushauri. Kisu kimoja kikipita kwenye kiazi kimoja chenye bakteria, kinaambukiza vyote vinavyofuata. Ikiwa mbegu zako ni kubwa mno na huna namna, kila kipande kiwe na macho 2 au zaidi, kisu kichovye kwenye jiki (sehemu 1 ya jiki kwa 9 za maji) baada ya kila kiazi, kisha vipande vikae kivulini siku 3 mpaka sehemu iliyokatwa iwe kavu kama ngozi.

Kupanda kwenyewe si kazi. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 10 hadi 15. Weka samadi iliyooza, kilo 2 kwa kila mita ya mraba. Juu yake weka mbolea ya DAP kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo, uifunike kwa udongo kidogo ili isiguse mbegu, maana mbolea ikigusa chipukizi inaliunguza. Weka mbegu, machipukizi juu, fukia sentimita 10. Mimea ikifika kimo cha sentimita 15 hadi 20, palilia, weka mbolea ya CAN kizibo kimoja kwa mche, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, na inulia udongo. Rudia kuinulia baada ya wiki 2 au 3 mpaka tuta lifike sentimita 25 au 30. Kuinulia huku ndiko watu wengi wanakoruka, na ndiko kunakoleta viazi: vinatungwa kwenye vitawi vinavyotoka sehemu ya shina iliyofunikwa, na udongo huohuo unavikinga na jua na nondo, mdudu mfano wa kipepeo.

Viazi vyangu vina majani ya kupendeza, vimenifika kiunoni. Nimechimba mashina mawili kujaribu, nimekuta vijiazi kama gololi. Nilitumia samadi ya kuku kwa wingi. (Msomaji, Pasua, Moshi)

Dada, una matatizo mawili, na samadi ndiyo nyepesi.

Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi, na mmea wenye naitrojeni ya kupindukia huendelea kujenga majani badala ya kupeleka chakula chini. Msimu ujao tumia robo ya ulichotumia, iwe imeoza miezi 3, au tumia ya ng'ombe.

Tatizo la pili ni usiku wa Pasua. Kiazi hutungwa vizuri joto la udongo likiwa nyuzi 15 hadi 20. Usiku ukiwa na joto la kuzidi nyuzi 20, mmea unakitumia kwa kupumua kile ulichotengeneza mchana, na hakibaki cha kuweka akiba. Moshi mjini uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, Arusha mjini uko kama mita 1,400. Mtu wa Ilboru, Arusha, akipanda Januari anaweza kuambulia kitu, wewe ukipanda Januari unalima majani ya mbuzi.

Kwa hiyo ipeleke kazi kwenye kipupwe. Panda katikati ya Mei, mvua za masika zikielekea ukingoni. Mmea huanza kutunga viazi siku 35 hadi 45 baada ya kupanda, yaani mwishoni mwa Juni, na kunenepa kote kunatokea Julai na Agosti, miezi ambayo hata Moshi watu hutafuta sweta. Utamwagilia, hilo halikwepeki. Tandaza nyasi kavu au majani ya migomba juu ya matuta ili udongo upoe. Chagua aina ya muda mfupi, siku 90 hivi, uvune kabla joto la Septemba na Oktoba halijarudi. Mbegu ya kupanda Mei ni ile iliyochimbwa Februari kwenye mashamba ya vuli, kwani imeshalala usingizi wake ukaisha.

Kuhusu kivuli hukuuliza, lakini wasomaji wa vihambani, yale mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, watauliza: chini ya migomba minene na kahawa, viazi havizai. Vinahitaji jua la saa 6 kwa siku. Panda pembeni mwa kihamba, au mahali ulipong'oa migomba ya zamani.

Sina shamba, nina ua wa sakafu. Nimeona watu wanapanda viazi kwenye viroba na kudai wanavuna gunia zima. Ni kweli? (Msomaji, Njiro)

Kupanda kwenye kiroba ni kweli. Gunia zima si kweli.

Hesabu ya kweli ni kilo 1 na nusu hadi 3 kwa kiroba kimoja cha kilo 50. Wanaodai zaidi husema ukiendelea kuongeza udongo, mmea hutunga viazi ghorofa kwa ghorofa mpaka juu. Aina nyingi, hasa za muda mfupi, hutunga viazi eneo moja tu, karibu na mbegu, kwa muda wa wiki mbili tatu, kisha kazi inayobaki ni kuvinenepesha. Udongo wa ziada unasaidia kuvifunika, hauzalishi ghorofa ya pili.

Toboa kiroba matundu 8 au 10 chini na ubavuni, ukubwa wa kidole. Changanya udongo sehemu 2, mboji au samadi iliyooza sehemu 1, na mchanga wa mto au pumba za mpunga zilizoungua sehemu 1. Kunja kiroba kama mguu wa suruali, jaza sentimita 20 za mchanganyiko, weka mbegu 3 zilizoachana, funika sentimita 10. Mimea ikipanda sentimita 20, kunjua kiroba na ongeza udongo ukibakiza majani ya juu. Fanya hivyo mara mbili, kisha basi.

Kinachoua viroba ni joto na kiu. Sandarusi kwenye sakafu ya saruji hupata moto, kwa hiyo viweke juu ya vipande vya mbao, upande unaopata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Mwagilia kila siku kidogo wakati wa kiangazi. Ukitia kidole na udongo wa kina cha kidole ni mkavu, umechelewa.

Mvua na ukungu wa mlimani vikikaa siku tatu, majani yanapata mabaka meusi kama yamemwagiwa maji ya moto, na chini ya jani kuna kitu cheupe. Ndani ya wiki moja shamba limekwisha. Nyanya za jirani pia. (Msomaji, Uru)

Kiswahili kimeupatia ugonjwa huu jina lake: ukungu huletwa na ukungu. Kitaalamu huitwa bakajani chelewa, na vimelea vyake vinahitaji vitu viwili tu, ubaridi wa wastani na jani lililolowa kwa saa nyingi. Uru, Kibosho na Marangu wakati wa masika vyote viwili vinapatikana bure. Kile cheupe chini ya jani ni mbegu za ugonjwa, na upepo unazibeba hadi kwa jirani. Nyanya na viazi wanaambukizana, kwa hiyo msilaumiane.

Dawa zipo za aina mbili na watu huzichanganya. Mankozebu hukaa juu ya jani kama koti la mvua: inazuia, haiponyi. Lazima ipulizwe kabla ugonjwa haujaonekana, na irudiwe kila baada ya siku 7 mvua zikiwa nyingi, kwa sababu inaoshwa na majani mapya huota bila koti. Kiwango cha kawaida ni gramu 40 hadi 50 kwa bomba la lita 15, lakini soma kibandiko, kwani nguvu hutofautiana. Ya pili ni mchanganyiko wa metalaksili na mankozebu, unaoingia ndani ya mmea. Huo utumie mara 2 tu kwa msimu, siku za mvua ya mfululizo au dalili za kwanza zinapoonekana. Ukiutumia kila wiki, vimelea huuzoea na msimu ujao hautafanya kitu.

Puliza chini ya majani pia, si juu tu. Vaa glavu, barakoa na shati la mikono mirefu. Idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna imeandikwa kwenye kibandiko, iheshimu. Nunua duka la pembejeo linalotambulika, dawa iwe na namba ya usajili wa TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu ya Ngaramtoni, iliyokuwa ikiitwa TPRI. Dawa ya kupimiwa kwenye kikaratasi usinunue, kwa sababu hujui ni nini wala iliisha lini.

Wasiotaka dawa wana njia moja yenye maana: kukimbia msimu. Panda mwishoni mwa Mei kwa kumwagilia, maji yaende kwenye mfereji na si juu ya majani, asubuhi na si jioni. Hasara ni kazi ya maji. Majivu na maji ya vitunguu saumu, ambavyo wengi wametuandikia, havizuii ukungu wa masika.

Shamba likishaungua zaidi ya nusu, acha kupuliza. Kata majani na mashina yote usawa wa udongo, yatoe, yachome au yafukie mbali. Kisha subiri wiki 2 kabla ya kuchimba. Ukichimba mapema, viazi vinapita kwenye udongo wa juu uliojaa mbegu za ugonjwa, na vitaoza ghalani vikiwa vinaonekana vizima.

Shikamoo bwana shamba. Miche yangu inanyauka mchana na kuamka jioni, majani bado ni ya kijani. Baada ya siku tano haiamki tena. Nikikata kiazi kinatoa ute mweupe. Tunatumia maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili. (Msomaji, Machame)

Marahaba. Tungependa kukupa habari njema, lakini hii ni mnyauko bakteria na hauna dawa. Hakikisha hivi: kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kushuka, ndiyo hiyo.

Ng'oa kila mche unaonyauka pamoja na viazi vyake na udongo unaoshika mizizi, utie kwenye ndoo, usiuburute shambani. Fukia kwenye shimo la kina cha nusu mita, mbali na mahali maji yanapopita. Usiutupe kwenye mboji. Usimpe ng'ombe viazi hivyo vikiwa vibichi, kwa sababu samadi inaweza kurudisha ugonjwa. Jembe na viatu vioshe kwa maji ya sabuni, kisha kwa jiki.

Mfongo ndio unaotutia wasiwasi. Bakteria hawa husafiri kwa maji, na anayetupa viazi vibovu mfereji wa juu anawagawia wote wa chini. Mna utaratibu wenu wa zamu za maji na wa kusafisha mfongo. Hili lizungumzwe kwenye kikao hichohicho: viazi, nyanya na bilinganya zilizooza zisitupwe mfongoni wala zisioshewe humo. Wewe kwa upande wako, eneo lililougua lisipate maji yanayoendelea kwenda sehemu nyingine ya bustani.

Eneo hilo lisione viazi kwa misimu isiyopungua 6, yaani miaka 3. Panda mahindi, vitunguu, kabichi au karoti. Nyanya, nyanya chungu, bilinganya na pilipili ni ukoo mmoja na viazi, hazifai. Na mnafu pia! Watu hupumzisha shamba viazi, kisha wanauacha mnafu uote wenyewe kwa ajili ya mboga, na bakteria wanaendelea kuishi humo. Ng'oa pia viazi vilivyosahaulika udongoni vinapochipua.

Niyakate maua? (Msomaji, Kijenge)

Ukipenda. Faida yake ni ndogo, haizidi kazi ya kuyakata. Lakini vile vitunda vya kijani vinavyofuata, mfano wa nyanya changa, vina sumu. Kama kuna watoto nyumbani, viondoe.

Viazi vyangu vimepasuka, vingine vina vichwa kama tangawizi, na vikubwa vina shimo jeusi katikati. (Msomaji, Usa River)

Ni maji ya kuja na kuondoka. Mmea ulikaa na kiu, kiazi kikasimama kukua, kisha mvua au mpira ukaja kwa fujo kikakua ghafla: ngozi ikapasuka, macho yakaanza kuota viazi juu ya viazi, au tumbo likaachana. Viazi vya bustani vinahitaji lita 25 hadi 30 kwa mita moja ya mraba kwa wiki. Kwa mita 10 za mraba hizo ni ndoo 13 hadi 15 za lita 20, zigawe mara 2 au 3 kwa wiki. Wiki 5 tangu maua yaanze kutoka ndizo zisizosamehe.

Ngozi ina magamba ya kahawia, ingawa ndani ni kizuri. Natia majivu mengi. (Msomaji, Oldonyosambu)

Umejijibu. Ugonjwa wa magamba unapenda udongo mkavu usio na uchachu, na majivu huondoa uchachu. Punguza majivu, acha samadi mbichi, na weka udongo na unyevu viazi vinapotungwa. Vya sasa menya ule, havina neno.

Tumevuna magunia mawili. Tumeyaweka stoo, lakini baada ya mwezi vingine vimegeuka kijani, vingine vimeota, vingine vina vitundu vyenye uchafu mweusi kwenye macho. Tuliosha vyote vizuri kabla ya kuhifadhi. (Msomaji, Ilboru)

Hapo kwenye kuosha ndipo pa kuanzia. Kiazi cha kuhifadhi hakioshwi. Maji hupeleka vimelea kwenye kila mkwaruzo, na ngozi iliyolowa haipumui. Udongo mkavu uliobaki juu yake hauna madhara, utauosha siku ya kupika.

Uhifadhi huanza kabla ya jembe. Majani yakigeuka manjano na kulala, kata mashina, acha viazi ardhini siku 10 hadi 14. Usimwagilie. Katika muda huo ngozi inakomaa. Chimba kimoja na ukisugue kwa dole gumba: ngozi ikivuka, funika urudi baada ya siku 4, ikishikilia, chimba vyote. Fanya kazi siku kavu, tumia uma wa shamba au jembe ukilielekeza mbali na shina, na usivirushe kwenye ndoo. Kiazi kilichoanguka kutoka kiunoni hakionyeshi kitu siku hiyo, lakini wiki ya tatu utakuta doa jeusi ndani.

Viache juani saa moja au mbili tu vikauke udongo, usivilaze nje mchana kutwa. Na usivifunike kwa majani yake ya viazi ukiviacha shambani usiku. Nondo wa viazi hutaga kwenye majani hayo na kwenye macho ya viazi vilivyo wazi. Vile vitundu vyenye uchafu mweusi ni viwavi wake, na aghalabu waliingia stoo pamoja na viazi. Funika kwa turubai au uviingize ndani jioni hiyohiyo.

Sasa chambua. Vilivyokatwa, vilivyochubuka na vyenye vitundu vyote ni vya kula wiki hii. Vizima vikae wiki 2 mahali pa giza, penye hewa, joto la kawaida la nyuzi 15 hadi 20, vikiwa vimetandazwa. Hapo mikwaruzo midogo hufunga yenyewe kama kidonda. Ukiiruka hatua hii, kuoza kutakuonyesha kila mkwaruzo ulipo.

Baada ya hapo ndipo uchaga. Jenga kichanja cha mbao au mianzi, nusu mita kutoka sakafuni, chenye mianya ya kupitisha hewa, ndani ya chumba chenye giza kabisa na ubaridi, upande usiopigwa na jua la mchana. Lundo lisizidi nusu mita, kwa sababu viazi vinapumua na kutoa joto na unyevu, na vya katikati vinajipika. Kreti na matenga vinafaa, gunia la katani linafaa, mfuko wa nailoni haufai hata kwa siku 3. Fungua madirisha usiku uingize baridi, funga asubuhi. Weka wavu wa chandarua dirishani kuzuia nondo, na tandaza majani makavu ya mkaratusi chini na juu ya viazi, maana nondo hayapendi. Usiweke vitunguu chumba kimoja, hivyo vinataka pakavu na viazi vinataka unyevu kidogo. Kila wiki pita ukitumia pua: kimoja kikioza unakisikia kabla hujakiona, kitoe na jirani zake wanne.

Kwa ubaridi wa nyuzi 8 hadi 10 viazi vingekaa miezi mingi. Kwa stoo ya kawaida ya Arusha wakati wa kipupwe, tarajia miezi 2 hadi 3. Novemba joto likipanda vitaota tu, kwa hiyo panga kula au kuuza kabla. Na ukiuza, uza kwa mizani. Lumbesa, gunia la kujazwa kupita mdomo, humnufaisha mnunuzi peke yake.

Vya kijani je? Ukijani wenyewe ni rangi ya majani isiyodhuru, lakini mwanga ulioileta huongeza pia solanini, ambayo ni sumu. Huumiza tumbo na kutapisha, na kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Doa dogo likate kwa unene na utupe pamoja na machipukizi yote. Kiazi kilichogeuka kijani kizima, au kinachowasha ulimi baada ya kupikwa, tupa bila huruma.

Naweka viazi vya chipsi kwenye friji visiharibike, lakini nikikaanga chipsi zinakuwa nyeusi haraka na zina utamu wa ajabu. Mafuta ni mapya. (Msomaji, Kiboriloni, Moshi)

Mafuta hayana kosa, kosa ni friji. Kwenye nyuzi 4 za friji, kiazi hubadilisha wanga wake kuwa sukari, na sukari ikikutana na mafuta ya moto inaungua kabla ndani hakujaiva. Chipsi nyeusi za namna hiyo pia si nzuri kiafya. Vitoe, viweke gizani kwenye joto la kawaida wiki 2 au 3, sehemu ya sukari itarudi kuwa wanga. Kaanga kimoja kwanza ujaribu. Kuanzia sasa nunua vya siku chache na uviweke kwenye tenga, gizani. Vilivyokwisha kukatwa viloweke maji nusu saa, vikaushe kwa kitambaa, ndipo ukaange.

Naweza kujiwekea mbegu mwenyewe ili nisinunue kila msimu? (Msomaji, Ngaramtoni)

Unaweza, kwa misimu 3 hivi, halafu nunua mpya, kwa sababu virusi hujilimbikiza kila msimu na mavuno hushuka polepole bila mmea kuonekana mgonjwa.

Kosa la kawaida ni kuchagua mbegu siku ya kuvuna. Watu hula vikubwa, huuza vya kati, na vidogo vilivyobaki ndivyo mbegu. Lakini mche wenye virusi ndio unaozaa vidogo, kwa hiyo unachagua ugonjwa kwa mikono yako. Chagua wakati wa maua: pita bustanini, mche wenye mashina 3 au zaidi, majani mapana yasiyokunjamana wala kuwa na madoa ya manjano, usionyauka, uchomekee kijiti. Rudi baada ya wiki 2, na wowote uliougua ung'olee kijiti. Siku ya kuvuna chimba yenye vijiti kwanza, peke yake. Mche uliotoa chini ya viazi 5, au wenye kimoja kilichooza, viazi vyake vyote vipeleke jikoni. Katika iliyobaki chukua vyenye ukubwa wa yai.

Hivi usivipeleke uchagani. Mbegu inataka mwanga, si giza. Itandaze tabaka mbili au tatu kwenye kichanja chini ya banda lenye paa, kuta za wavu, mwanga ukipita bila jua. Itageuka kijani, nayo ndiyo iwe hivyo: solanini ileile inayokutapisha wewe inaikinga dhidi ya wadudu na kuoza, na machipukizi yanatoka mafupi na magumu. Angalia vidukari kila wiki, maana ndio wanaohamisha virusi kutoka chipukizi moja kwenda jingine. Waambie na watu wa nyumbani kwamba hivyo vya kijani barazani si vya kupika.